Winga Aliyewekwa Langoni

Hapa Mwala watu wananiita Golikipa. Hata watoto wa shule wakinikuta na punda wangu wa maji wanasema, "Golikipa, shikamoo." Naitikia. Lakini mimi sikuwa golikipa. Nilidaka mechi moja tu, na walionipeleka langoni ni watu watatu: mwenyekiti, mwalimu na mzee wa kanisa. Majina yao nawaachia watoto wao, maana watoto hawakunikosea.

Ilikuwa miaka ya tisini. Timu yetu haikuwa na tajiri. Ilikuwa ya mwethya, ile kazi yetu ya kusaidiana, vijiji vikichimba na kubeba mawe pamoja. Hata uwanja tuliufungua kwa mwethya, tukang'oa miiba kwa mikono. Kwa hivyo kijiji kilichofanya kazi kilikuwa na haki ya kutoa wachezaji, na mwenyekiti wa mwethya ndiye alikuwa mwenyekiti wa timu.

Mimi nilikuwa winga wa kushoto. Sijisifu, mguu wa kulia ulikuwa wa kusimamia tu. Shule niliacha baba alipofariki, nikiwa bado mdogo, basi huo mguu wa kushoto ndio ulikuwa cheti changu. Mwalimu wetu wa mpira akasikia kiwanda kimoja cha simiti huko Athi River kinatafuta winga wa kushoto, na atakayechukuliwa anapewa kazi. Akatuma habari zangu. Mtu wao angekuja kuangalia fainali yetu.

Mama aliposikia hivyo alibeba mawe ya bwawa la mchanga tulilokuwa tunajenga mtoni mpaka shingo ikavimba, kijiji chetu kisije kikakosa nafasi. "Wacha mimi nibebe hapa," alisema, "wewe ukabebe simiti ya mshahara."

Sasa, golikipa wetu alitoka ng'ambo ya mto. Wiki ya kuanza kujenga lile bwawa kijiji chao kilikuwa na matanga, hawakuja. Asubuhi ya fainali, tukivaa jezi nyuma ya kanisa, mwenyekiti akasema, "Asiyebeba mawe hachezi."

"Mzee, tulikuwa tunazika," golikipa akamwambia.

"Maiti ilikuwa moja. Nyinyi mko wangapi?"

Watu wakacheka. Mwalimu akaangalia viatu vyake. Ndipo mwenyekiti akanigeukia: "Wewe uko na mikono kama ya nyani wa mlima wa Kivaa. Utadaka." Mahali pangu kushoto akamweka mtoto wa dada yake, kijana aliyekimbia na mpira kama anafukuza kuku.

Nikamvuta mwalimu kando. "Mwalimu, si unajua huyo mtu anakuja kuona nini?"

"Vumilia kidogo. Kipindi cha pili tutaona."

Mzee wa kanisa akatuambia tufumbe macho, akamwomba Mungu alinde lango. Mungu alikuwa ameshaleta mlinzi wa lango, wao wakamketisha nje.

Golikipa hakwenda nyumbani. Alinipa glavu zake, akaketi kwenye nyasi nyuma ya goli. Glavu zilinipwaya. "Toka, ndugu! Toka kwa mstari!" alikuwa akiniitia. "Usiungojee mpira kama unangojea mchumba!" Nikitoka, nimechelewa. Nikikaa, unapita. Bao la kwanza lilipita katikati ya miguu yangu, watu wakaimba. La pili sikuliona. Nilichoona ni kule mbali, upande wa kushoto, pasi zetu zikifika mahali pangu na kutoka nje, moja baada ya nyingine.

Yule mgeni wa kiwanda alisimama kando ya gari lake, kofia mkononi. Nikamwona akimwuliza mwenyekiti kitu, na mwenyekiti akamwonyesha kwa kidole: mtoto wa dada yake. Mgeni akatikisa kichwa.

Muda si mrefu likaja shuti la karibu. Niliweka mkono vibaya, kama mtu asiyefundishwa, vidole viwili vikarudi nyuma. Golikipa ndiye alinivua glavu, polepole, kama anamvua mtoto viatu. Tulipoinua macho, gari lilikuwa linapanda kuelekea lami.

Mapumziko nikamwendea mwalimu. "Kipindi cha pili ndicho hiki."

"Na huo mkono?"

"Mpira siupigi kwa mkono."

"Mgeni ameshaenda," akasema. "Sasa nikubadilishe kwa nini?"

Mama hakuniuliza tuliishaje. Aliona vidole. Jumatatu akarudi kubeba mawe, kwa sababu mwethya hauna fainali. Bwawa lilijaa mchanga, mchanga ukashika maji, na ndiyo haya maji punda wangu anabeba hadi leo. Mwenyekiti alikufa. Mzee wa kanisa alikufa, akaombewa vizuri. Mwalimu yuko, amestaafu, namshushia mitungi mlangoni.

Juzi majirani walikuwa wamepanga foleni ya maji kwake. Akatoka na fimbo. "Golikipa, leo umetuchelewesha!"

Wakacheka. Nikaweka mtungi chini.

"Mwalimu, mimi nilikuwa nacheza wapi?"

Akaangalia viatu vyake, vile vile kama nyuma ya kanisa. Punda akapumua.

"Kushoto," akasema, nikamsikia mimi peke yangu.

"Sema kwa sauti, mwalimu. Wasikie."

Akainama, akachukua mtungi wake, akaingia ndani.