Nta Iliyolala Ndani ya Karafuu

Saa moja asubuhi Mwanapili Shaame ameshika nyundo, lakini hapigi. Mbele yake, uani kwake Tibirinzi, kisiwani Pemba, imelazwa kalibu ya udongo ulioungua, ukubwa wa mtungi. Ndani yake imo shaba aliyoimimina jana. Kama imekaa sawa au imeharibika, Mungu ndiye ajuaye.

"Bismillahi," anasema, anainyanyua nyundo, kisha anaiweka chini. "Ngojeni kwanza ninywe chai."

Majirani wanacheka. Bi Khairiya wa nyumba ya pili hacheki. Amejifunika kanga hadi puani, na ukimtazama utadhani ni yeye anayengoja hukumu.

Mwanapili ni mchongaji, ingawa mwenyewe hujiita msubuji tu, mtu wa kuyeyusha na kumimina. Kusubu alifundishwa na marehemu mjomba wake, fundi wa masufuria ya alumini, na hadi leo masufuria ndiyo yanayoweka chakula mezani kwake.

"Sufuria linanilisha, shaba inanifurahisha," anasema. "Wangapi wamepewa kimoja tu? Mimi nimepewa vyote viwili."

Kazi zake za shaba hazina uso wala miguu. Hufuata mzizi wa mkoko, ganda la kombe, au tumba la karafuu linavyovimba kabla halijafunguka, akapunguza na kupunguza hadi kubaki mkunjo na mviringo. Ukimwuliza "hiki nini?" hukujibu, "Kishike kwanza."

Umbo huanza kwa nta ya nyuki. Nta hufunikwa udongo, udongo hukaushwa juani siku nyingi, kisha huchomwa. Nta huyeyuka ikatoka, shaba ikaingia mahali pake. Kwa hiyo nta ni hiyo hiyo moja. Ikiharibika, umbo limekwenda.

Na hili la leo lina mwenyewe anayelingoja. Mzee Gulam, mwenye duka la vitambaa Madungu, macho yamemfifia kidogo kidogo hadi sasa hatofautishi kanga na shuka. Mkewe, Ruqaiyabai, alifariki mwaka juzi. Binti yao Farheen amekuja kumchukua akaishi naye Dar es Salaam, na boti ni kesho.

Mapema mwaka huu mzee alimletea Mwanapili masinia ya shaba ya mkewe, yayeyushwe pamoja na rafadha kuukuu, pangaboi la boti.

"Sura yake sitaki, picha ninazo na sizioni," alimwambia. "Nifanyie kitu cha mkononi, binti yangu. Nikiwa kule ghorofani nikishike, nijue nilikotoka."

Basi ikaja mvua. Kalibu ilikuwa ikikauka kwenye sakafu ya Bi Khairiya, ile ya nje ya kuanikia karafuu, penye jua zuri, kando ya majamvi yake ya karafuu. Na Pemba mvua ikizikuta karafuu nje, hakuna anayeuliza ni za nani. Aliye karibu anaanua. Mwanapili akaiacha kalibu yake ilowe, akakimbilia majamvi ya jirani.

Bi Khairiya alipoona vile, naye akaikimbilia kalibu. Akaibeba ndani, akaifukia katikati ya rundo la karafuu, akaifunika jamvi kama anavyohifadhi mali yake. Wema hauozi, wanasema. Lakini karafuu iliyokauka nusu ukiirundika hupata joto, hilo kila mtoto wa Pemba analijua. Bi Khairiya alilijua pia. Asichokijua ni kwamba ndani ya ule udongo mna nta.

Walipofukua asubuhi iliyofuata, udongo ulikuwa umebanduka upande mmoja. Nta imelainika, na karafuu zimezama ndani yake.

"Nililia," anasema Bi Khairiya. "Mtoto wa watu kaacha chake kaokoa changu, mie nikamharibia chake."

Na Mwanapili je? "Nilikasirika, nisiseme uwongo. Halafu nikajiuliza, namkasirikia kwa lipi? Kwa kunihurumia?"

Kuanza upya hapakuwa na nafasi. Akazitoa karafuu moja moja kwa sindano, akaziacha alama zake zilivyo, akafunika upya. Safari hii Bi Khairiya alileta makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikichambuliwa, ya kuwashia moto, akakaa pale mwenyewe kuukausha udongo, hataki kupokewa zamu.

Chai imekwisha. Nyundo inashuka, udongo unapasuka, na shaba inatoka nzima, haina ufa. Upande mmoja ni laini, umejikunja kama jani changa. Upande wa pili umejaa vishimo, kila kimoja na kichwa chake na kikonyo chake. Bi Khairiya anaiondoa kanga usoni.

Baada ya alasiri, kazi imeshasuguliwa, Mzee Gulam anaingia ameshikwa mkono na Farheen. Mwanapili anamwekea shaba mapajani.

Vidole vya mzee vinapita upande laini taratibu, vinazunguka, vinafika kwenye vishimo. Vinasimama. Vinaanza tena, kishimo kimoja baada ya kingine.

"Hapa," anasema mzee, "hapa ni sakafuni kwa Khairiya. Kila msimu mke wangu alikuja kuchambua karafuu hapa. Nikimfuata jioni, hataki kuondoka." Anakirudia kishimo kimoja kwa kidole. "Ni nani aliyekwambia uziweke?"

"Sikuziweka mimi, mzee wangu," Mwanapili anajibu. "Kaziweka Bi Khairiya."

Bi Khairiya analia tena. Safari hii hajifuniki.

Kabla ya msimu ujao Mwanapili anataka kujenga banda la bati la kukaushia kalibu zake. Mawe ameshakusanya, na Bi Khairiya amempa kipande cha ua wake bure. Sharti alilotoa ni moja: banda liwe pana, na karafuu nazo zipate pa kukimbilia.

"Na kazi ya mwanzo itakayotoka humo," Mwanapili anasema, "nta yake nitaifukia mwenyewe kwenye karafuu za Bi Khairiya. Nimeshamwomba."