Awiti Hajawahi Kusuka

Kenyatta Market nzima ilivijua vidole vya Awiti. Pale kichwa kimoja hushikwa na wasusi watatu, kila mmoja na upande wake, na mteja hajali nani ni nani. Awiti pekee ndiye aliyeulizwa kwa jina. Alianza kusuka akiwa kidato cha pili, na karo ya chuo ilitoka kwenye vidole hivyo hivyo. Wenzake darasani hawakujua. Kwao biashara ilikuwa somo la kupita mtihani. Kuifanya hasa ni kwa yule aliyekosa kazi.

Aliyeilinda siri hiyo kuliko wote alikuwa mama yake, mwenye kibanda alichosukia. Intavyuu ya kazi ilipokaribia alimvuta binti yake kando, nyumbani kwao Waithaka.

"Skiza, Awiti. Usiwaambie unasukanga watu. Wataona wewe ni wa soko tu. Na mtu akiniuliza, nitakataa."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini Mama Awiti alikuwa ameshazaa watano, methali hiyo ingemtisha kwa lipi?

Siku ikafika. Awiti alikaa katika ofisi ya kampuni ya mikopo, katikati ya jiji, akificha chini ya meza vidole vilivyobabuka kwa maji moto ya kufungia ncha za rasta. Aliogopa, aliogopa kweli. Wadogo zake wanne walikuwa wakimtazamia yeye, na barua tano za maombi zilikuwa zimepotea bila jibu.

Bwana Thuo, mkuu wa mikopo midogo, alipitia karatasi zake huku akipiga miayo.

"Marks ni poa. Lakini wateja wetu ni watu wa soko. Wewe hujawahi fanya kazi yoyote? Hata kuuza mandazi?"

Awiti akaona nafasi inamponyoka. Woga ule ule uliomfunga mdomo ndio uliomfungua. Akasema yote: jinsi ya kumshawishi mteja langoni bila kumgombania, jinsi ya kugawana malipo watatu bila kununiana, jinsi ya kumtuliza anayelia kwamba amevutwa nywele. Thuo akavuta kiti mbele.

"Sasa hapo tunaongea! Nani anaweza confirm?"

"Mwenye kibanda," Awiti akajibu, akaitaja namba. Aliona haya kusema ni mama yake. Alipokumbuka yale maneno ya nyumbani, Thuo alikuwa ameshapiga na kuuliza kama Awiti husuka, na spika imewashwa.

"Awiti?" Sauti ya mama ilijaa chumba. "Huyo hajawahi kushika nywele ya mtu! Huyo ni msomi. Nani amewadanganya?"

Thuo akaifunga faili.

"Mama!" Awiti akaiambia simu. "Ni mimi. Nimeshawaambia."

"Wanaskia?" mama akauliza polepole.

"Wanaskia."

"Basi. Kuna mteja hapa amekaa tangu asubuhi. Nimemwambia nitamsuka mimi, amekataa. Anakungoja wewe."

Thuo akaifungua faili tena.

"Na mbona mlikuwa mnaficha?" akauliza.

Awiti akavitoa vidole vyake chini ya meza, akaviweka mezani mbele yake.