Chakula cha Ukweni Hakirudishwi

Nduwayezu, fundi baiskeli wa Kibondo mjini, alikuwa na mashindano matatu ya kutunisha misuli katika msimu mmoja. Kwao Kibondo alishika nafasi ya pili. Kasulu zilibaki siku nne, na Kigoma ilikuwa mwezi ujao. Ugali alikuwa ameuaga tangu msimu uanze, akawa mtu wa mayai ya kuchemsha na mchicha mpaka mashavu yakabonyea.

Habari zikafika Murungu kwa mama mkwe wake, Immakulata, kwamba mkwewe anakonda, bintiye hapiki. Akajifunga kitenge, akaja na kapu la unga wa muhogo, maharage na mawese.

"Mama, najiandaa kupanda jukwaani," Nduwayezu alijitetea.

"Upande na njaa, baba? Kasulu nzima iseme binti yangu ana mkono wa birika?"

Nduwayezu akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari. Nduwayezu akanawa mikono. Tonge la kwanza alilimeza kwa huzuni, la tano kwa moyo wote. Na mama alikaa siku zote nne, akipika mwenyewe.

Kasulu alipanda hivyo hivyo, misuli imejifunika mafuta kidogo, akawa wa sita kati ya saba. Immakulata, kiti cha mbele, alimwambia jirani yake kwa utulivu, "Leo angalau anaonekana ana mke."