Mama Kavira na Shuka za Wazee

Ukiingia katika nyumba ya wazee ya Rwambuzi, hunusi mkojo. Naanza na hilo kwa sababu wengi wetu tunadhani uzee lazima unuke, kisha tunaitumia harufu hiyo kama kisingizio cha kutowatembelea wazazi wetu. Mimi hupeleka mboga pale Jumamosi kwa niaba ya vijana wa parokia, na hapa Bunia sijaona nyumba safi kuliko ile. Hata ofisi za mashirika, pamoja na vigae vyao, haziifikii.

Usafi huo ni kazi ya Kavira, mama wa Kinande aliyehamia hapa kutoka Butembo pamoja na mumewe, muuza nguo. Mumewe alipofariki, akina mama wa parokia walimpa kazi ya kufagia. Alifagia kwa juma moja, kisha akaanza kuamuru. Ndoo ya choo aliipaka rangi ili isikanyage jikoni kamwe. Magodoro aliyavisha plastiki. Sakafu aliipiga deki kuanzia pembe ya mbali kuelekea mlangoni, na asiyetaka kungoja ikauke alirudishwa nje, hata akiwa padri.

Lakini sheria yake kubwa ilihusu shuka. Kila asubuhi, wazee wakiwa kwenye chai barazani, alitandua shuka za vitanda vyote, zilizolowa na zilizo kavu, akazifua pamoja. Mgeni angedhani ni kupoteza sabuni. Kumbe kwa njia hiyo hakuna mzee aliyejua kitanda cha jirani yake kimeamkaje.

Aliyeihitaji sheria hiyo kuliko wote ni mzee nitakayemwita Laurent. Jina lake si hilo. Ni yeye mwenyewe aliyenisimulia habari hii, akaniruhusu kuiandika mradi nisimtaje; yaliyobaki nilijazwa na Kavira kwa ruhusa yake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Djugu. Vita vilimfukuza kwake, akaishi miaka kambini chini ya hema, mahali ambapo kila mtu huona kila kitu cha mwenzake. Pale Rwambuzi alipata tena kitanda, shati lenye kola, na jina la Mwalimu. Asubuhi aliwasomea wenzake Injili, mchana akabishana nao. Na usiku, mara nyingi, alilowesha kitanda. Kavira alijua, wala hakuna mwingine.

Mwaka huu kiangazi kilikuwa kikali. Pampu ya kisima iliharibika, maji yakawa yanaletwa kwa pikipiki, bidoni, yale madumu ya plastiki, zimefungwa kila upande. Théodore, muuguzi anayeongoza nyumba, aliogopa maji ya kunywa yasije yakaisha. Si mtu mbaya. Aliamua tu kwamba tangu siku hiyo zifuliwe shuka zilizolowa pekee, na ili wafuaji wasichanganye, kitanda kilicholowa kifungwe kitambaa chekundu miguuni.

"Shefu, hiyo kitambaa bazee bataiona," Kavira alimwambia.

"Mama Kavira, muzee kukojoa kitandani ni ugonjwa, haiko zambi. Aibu iko wapi?"

"Iko kwa mwenye kukojoa."

"Na maji yenyewe iko wapi? Nionyeshe."

Maji Kavira hakuwa nayo. Akafunga kitambaa.

Asubuhi ya kwanza kilifungwa kwa Mwalimu. Wazee waliporudi kutoka barazani, kila mmoja alikiona, na hakuna aliyesema neno. Ukimya huo ulimuumiza kuliko kicheko. Kesho yake hakusoma Injili, akasingizia macho. Na kitanda chake kikaanza kuamka kikavu.

Théodore alifurahi. Kavira, ambaye ndiye humwaga vyombo vya usiku, hakufurahi. Chombo cha Mwalimu kilikuwa na mkojo kidogo sana, wenye rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Akaanza kumchunguza. Chai, mzee aliimwaga kwenye maua ya barazani. Maji aliyashika mdomoni, akayatema aliposhuka ngazi. Midomo yake ilipasuka. Siku moja, akitoka chooni, alianguka.

Théodore alimpima malaria, haikuonekana. Akamtundikia serumu na kumwuliza kwa nini hanywi. Mwalimu akajibu hana kiu. Chupa ilipofika nusu, alikutwa akijaribu kung'oa sindano mkononi.

Hapo Kavira alijua kwamba hana muda. Akinyamaza, mtu atakufa kwa kiu ndani ya nyumba yenye bidoni za maji ukutani. Akisema, mzee atajua kwamba siri yake ya kutokunywa imetolewa na mtu yule yule aliyeitunza ile ya kwanza. Nimesoma chuo, na tulizungumza sana kule juu ya haki na heshima ya binadamu. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba heshima inaweza kuning'inia miguuni mwa kitanda.

Kavira alikwenda chumba cha akina mama, kwa Koko, yaani Bibi, Geneviève. Huyo aliuza samaki Kasenyi maisha yake yote, na mdomo wake haujatoka sokoni.

"Koko, kuna mutu humu anaogopa hii kitambaa kuliko kufa," alimwambia. "Sisemi ni nani."

"Miye pia sitaki kujua. Ukiniambia leo, kesho nitakuwa nimeshaiuza."

"Nataka nikufungie na weye."

"Miye? Tangu nizaliwe kitanda yangu iko kavu sawa samaki ya chumvi."

"Njo maana nakuomba weye. Bakiona kwako, nani atacheka?"

Geneviève alifikiri kidogo. "Funga. Funga mbili. Baseme nilikojoa na ya jirani."

Kavira alichana kitenge chake chekundu vipande vipande. Théodore alipopita asubuhi, kila kitanda cha nyumba ile kilikuwa na kitambaa miguuni.

"Hii ni nini? Bote?"

"Bote, Shefu," Geneviève alijibu bila kuinuka. "Hata miye. Andika."

"Koko, shuka yako iko kavu. Niko naona."

"Uko unachungulia shuka ya mama muzee juu ya nini? Muke wako anajua?"

Akina mama walicheka mpaka wanaume wa chumba cha pili wakauliza kuna nini. Théodore hakucheka. Alimvuta Kavira hadi mlangoni.

"Mama, unanichezea mbele ya bazee?"

"Hapana, Shefu. Hii kitambaa itaua mutu. Kuna mwenye aliacha kunywa maji juu yake."

Théodore alishusha sauti. "Ni nani?"

"Nikikuambia, nimemufungia ingine."

Muuguzi aliziangalia bidoni zilizopangwa ukutani. Nafikiri alimkumbuka papo hapo yule aliyemtundikia serumu, lakini jina hakulitaja, na kwa hilo namheshimu. Aliuliza tu, "Maji nitatoa wapi?"

Kavira alikuwa amekwisha kuwaza. Shuka zote zitanduliwe kama zamani. Zilizolowa zifuliwe kwa sabuni. Zilizo kavu zinyunyiziwe maji kwa kiganja tu, zianikwe katikati ya zile nyingine, jua lizipige pamoja. Maji ya kusuuzia yaoshe vyoo. Atakayepita uani ataona shuka mbichi nyingi, basi.

Théodore alirudi ndani akavifungua vitambaa mwenyewe, kitanda baada ya kitanda, na kuvitia katika ndoo ya deki.

Wako wanaokuja na fomu zao kupima usafi wa nyumba kama ile. Wanapitisha kidole dirishani, wananusa choo, wanaondoka. Wapime wanavyotaka. Mimi nasema nyumba ambayo mzee anaogopa kunywa maji ni chafu, hata iking'aa vipi, na Kavira ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akiusafisha uchafu wa namna hiyo.

Jioni alimpelekea Mwalimu maji barazani. Mzee alikuwa ameketi akizitazama shuka zilizojaa kwenye kamba, akitafuta ya kwake, asiitambue.

"Mama Kavira, nani alikuambia?"

"Aliniambia nini, Mwalimu? Kunywa. Niko nangoja kikombe, nataka kuosha."

Alikunywa chote. Kavira aliponyoosha mkono kukichukua, mzee hakukiachia, aliomba kingine.