Kwanza Prosesa

Fundi wa kompyuta tunayepanga naye chumba kimoja cha kazi hapa Wandegeya, Kampala, hafungui mashine ya mtu kabla hajamfundisha prosesa. Mimi niliacha diploma nikidhani nimeponyoka mihadhara. Sasa naisikia kila siku huku nikichapisha kazi za wanafunzi. Fundi huipuliza bisibisi kama chai ya moto, kisha huanza: "Prosesa, nyabo, bibie wangu, huchukua amri moja, huielewa, huitekeleza, halafu hurudi kuchukua nyingine." Kidole chake huchora njia hizo mezani, katika vumbi lililotoka kwenye feni za kompyuta za watu. Ukisema umeelewa, atakutaka urudie.

Jana Naila, mwanafunzi wa chuo, alileta laptopu inayozimika kwa joto. Tasnifu yake ilikuwa humo, na mwisho wa kuiwasilisha ulikuwa saa sita mchana. Saa tano fundi alikuwa bado anachora. "Haya, rudia," akamwambia. "Inachukua amri, inaielewa, inaitekeleza," Naila akajibu. "Na wewe, fundi, amri nimekupa tangu saa tatu. Umekwama wapi?" Nilidhani fundi ameumia. Akafungua skrubu, akafuta vumbi, akapaka dawa mpya ya kupozea prosesa. Dakika kumi tu. Naila akaikwapua mashine, akakimbia. Fundi naye nyuma yake hadi barabarani, bisibisi mkononi, kwa sababu alikuwa hajamfundisha sehemu ya pili ya somo: kumbukumbu ya kache.