Baiskeli ya Nzioki Isiyo na Keria

Kule Gitothua, mtaa wa Ruiru, kabla mvua ya El Niño haijaja kuharibu barabara, hapakuwa na haja ya saa ya kuwaamsha watu. Nzioki alikuwa akipita. Mitungi yake ya maziwa, mmoja kila upande wa keria, kile chuma cha nyuma cha kubebea mzigo, na mwingine juu, ilikuwa ikigongana taratibu, ko, ko, ko, na kina mama wakajua ni wakati wa kuwasha jiko. Kutoka hapo alielekea mtaa wa Kahawa Sukari, lango hadi lango, na jua likipanda vizuri mitungi ilikuwa mitupu.

Alikuwa Mkamba wa huko mashariki ya Thika. Kazi ya kuchuma kahawa ndiyo iliyomleta Ruiru. Aliifanya kwa miaka, kisha akaiacha akashika maziwa. Baiskeli yake ilikuwa Mamba, ile nyeusi ya chuma kizito ambayo mtu huirithi kwa babake na kumwachia mwanawe. Na jambo la kujivunia alikuwa nalo moja tu: hajawahi kumwaga maziwa. Si kwenye mawe, si kwenye matope. Siri zake zilikuwa mbili. Gurudumu lijazwe upepo mpaka liwe gumu kama jiwe, na matako yasiondoke kwenye kiti. Mbeba maziwa akisimama juu ya pedeli, mitungi huyumba, na ukiyumba umemwaga.

Sasa, wazimu wa mbio ulimwingia kupitia kwa Muigai. Huyu Muigai alikuwa rafiki yake, mbeba mikate, mtu mrefu mwenye mdomo usio na breki. Siku moja alitokea na baiskeli ya gia nyingi, magurudumu manene yenye meno, ile waliyoiita maunteni. Akatangaza kwamba kuna mashindano yanakuja, kutoka Ruiru mpaka Thika kwa njia za ndani, katikati ya mashamba ya kahawa. Ni ya watu wa kawaida, yeyote mwenye miguu.

"Lakini wewe Mkamba kaa na Mamba yako," alisema. "Ukijaribu hizi mbio, maziwa yatafika Thika yameganda yakawa mala."

"Na mikate yako itafika imeota ndevu," Nzioki akamjibu.

Watu walicheka, yeye akacheka nao, lakini neno lilikuwa limeshamchoma.

Nyumbani, mkewe Wayua alimsikiliza mpaka akamaliza. Halafu akauliza swali moja.

"Hiyo maunteni ina keria?"

"Haina."

"Baiskeli isiyo na keria ni ng'ombe asiye na chuchu, Baba Kaveke. Kazi yake kula tu."

Hata hivyo hakukataa. Palikuwa na ndama dume zizini, na Wayua aliridhia auzwe, ila kwa sharti. "Ukimshinda Muigai, hiyo baiskeli ni yako, ichezee utakavyo. Muigai akikushinda, naipeleka kwa fundi iwekwe keria, ibebe mitungi kama wenzake. Na mbio usizitaje tena katika nyumba hii."

"Sawa, Mama Kaveke," Nzioki akasema, kifua mbele.

Baiskeli za mtumba zilikuwa kwa Tahir, fundi wa Majengo pale Thika, mtu mcheshi mwenye kofia ya kufuma iliyojaa grisi. Alikuwa amezisimamisha tatu ukutani. Nzioki alizinyanyua moja moja kama mtu anayepima gunia, akaichagua iliyomkaza mgongo.

"Hii ndiyo chuma," alisema.

Tahir alishika kiuno akacheka. "Ndugu yangu, wewe unanunua baiskeli ama mawe ya kusagia? Kwenye mlima utaibeba wewe au itakubeba yenyewe?"

"Nyepesi huvunjika."

"Huvunjika ukipakia mitungi mitatu. Umepakia nini? Wewe tu, na wewe mwenyewe umekonda hivyo!"

Akamlazimisha kupanda kilima na ile nzito, kisha na ile ya kijani iliyobabuka rangi. Nzioki alirudi na ya kijani, hakutaka kushuka. Lakini mabishano hayakuisha. Alitaka kiti kishushwe ili miguu ifike chini, maana mwenye mzigo asipofika chini huanguka. Tahir akakipandisha. Alitaka magurudumu yapigwe pampu mpaka yalie ngo. Tahir akatoa upepo, akambonyezesha kwa gumba.

"Gumba liingie kidogo, hivyo. Njia ya kahawa ina mizizi na changarawe. Gurudumu gumu litakurusha kama punda. Hili laini litashika ardhi. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Alisikia, kweli. Ila mkono una masikio yake. Asubuhi ya mashindano, Nzioki aliinama akabonyeza gurudumu kama alivyofanya kila alfajiri ya maisha yake ya maziwa, na gumba likaingia. Kwa mbeba maziwa, hilo ni gurudumu linalotaka kumwaibisha. Akachukua pampu, akapiga mpaka likawa jiwe, na la pili hivyo hivyo, akajisikia mtu tena.

Na mwanzoni aliona kama Tahir alikosea. Kutoka Ruiru njia ilikuwa ya murram, udongo wa barabara ulioshindiliwa, na baiskeli ya kijani ikapaa. Vijana waliovaa kaptura za kubana walikuwa wameshatokomea mbele, hao hakuwa na haja nao. Haja yake ilikuwa mgongo mrefu wa Muigai, na aliukuta, akaupita.

"Mikate!" alimwita akipita. "Mikate ya jana!"

Kisha wakaingia kwenye mashamba, mteremko wa kwenda mtoni. Hapo ndipo gurudumu lilipokumbuka kwamba ni jiwe. Likagonga mzizi likaruka, likagonga changarawe likateleza, na Nzioki akajikuta amelala ndani ya kichaka cha kahawa, kokwa mbichi zimemwingia shingoni. Muigai akapita akinyoosha shingo.

"Atiriri! Maziwa yamemwagika leo!"

Katika maneno yote ya Muigai, hilo ndilo lililouma. Nzioki aliinuka, goti linavuja damu. Keria ya Wayua aliiona kwa macho ya moyo, imekaa juu ya ile baiskeli kama jipu. Akatazama magurudumu, akamkumbuka Tahir, akajiita jina ambalo si la kuandikwa. Akafungua kifuniko cha valvu, akabonyeza kwa ukucha, fsssss, mpaka gumba likaingia kidogo, hivyo. Akapanda.

Aiya! Ilikuwa kama amebadilishiwa baiskeli. Mizizi ile ile, lakini gurudumu likawa linaitambalia kama paka. Alishuka mpaka mtoni, akavuka, akafika kwenye mlima wa mwisho kabla ya Thika, udongo mwekundu uliolowa. Muigai alikuwa juu kidogo. Amesimama kwenye pedeli, anakanyaga kwa nguvu zote, na gurudumu la nyuma linazunguka bure mahali pamoja, linarusha matope.

Nzioki hakusimama. Hakujua kusimama. Alikaa kitini kama aliyebeba mitungi mitatu iliyojaa, akaweka gia ndogo, akapanda polepole, ko, ko, ko, na uzito wake ukalibana gurudumu chini likauma udongo. Alipomfikia Muigai alimsalimia kwa heshima zote.

"Habari ya mikate, bwana? Mimi sijamwaga tena hata tone."

"Ngoja, wewe Mkamba! Ngoja nikushike!"

Hakumshika. Walipoingia uwanja wa Thika mshindi alikuwa ameshaoga na kuvaa shati safi, lakini Nzioki alitangulia mbele ya Muigai kwa urefu wa baiskeli moja, naye akainua mikono kama aliyeshinda Kenya nzima.

Wayua alikuwepo, na gunia mkononi. Ndani ya gunia kulikuwa na keria mpya kabisa.

"Ulikuja umejitayarisha," Nzioki akasema akihema.

"Nilikuwa nakujua." Akamtazama goti, akatazama lile tope mpaka kwenye nyusi, kicheko kikamshinda. "Neno ni neno, Baba Kaveke. Mitungi haitaipanda. Lakini mimi Jumapili nitakaa wapi?"

Basi Tahir hakuichomelea ile keria. Aliifunga kwa nati. Ikawa siku za mbio inatolewa, na Jumapili inarudishwa, Wayua anakaa upande, kitambaa kichwani, Biblia mapajani, wanaelekea kanisani, Gitothua nzima ikiwatazama.

Jumapili ya kwanza Wayua alimkuta mumewe ameinama na pampu, anapiga mpaka jasho linamtoka.

"Mbona unalijaza hivyo? Si Tahir alikukataza?"

"Alinikataza nikiwa mtupu. Leo nina mzigo."

"Mzigo ni nani?"

Nzioki alimngoja apande kwenye keria, akakaa kitini vizuri, akatazama mbele, akakanyaga pedeli.