Mkwe Aliyeninyima Maharage

Mimi katika mambo ya chakula hakuna wa kunishangaza. Nasema hivyo nikiwa nimekaa, na anayetaka kubisha aje. Miaka ile ya hamsini nilikuwa na lori langu mwenyewe, si la tajiri yeyote, lori nililolipata baada ya kuanza na utingo, kulala juu ya magunia na kunyeshewa mpaka masikio yakaziba. Shule niliiacha nikijua kuandika jina langu na kuhesabu hela, na hivyo viwili vilinitosha. Kati ya Mbeya na Iringa hakukuwa na chungu kilichofunikwa nisichojua kina nini ndani.

Walionichoma moyo ni wenye hoteli za mjini. Mbeya palikuwa na moja karibu na soko, ina viti na vitambaa mezani, na maharage yake ukiyatazama unaona uso wako. Unalipa shilingi nzima, unatoka na njaa ile ile uliyoingia nayo. Nikamuuliza mwenye hoteli, "Bwana mkubwa, haya maharage umeyapika au umeyaosha?" Akasema madereva hatuna adabu. Adabu gani, na mtu ameniuzia maji? Tangu siku hiyo nikaapa sitakula tena mahali penye kitambaa mezani. Chimala nilijua kibanda cha mzee mmoja aliyepika mchele mpya wa Ubaruku, unanukia mpaka barabarani. Makambako nilijua nani anachoma viazi na nani anaviunguza. Madereva wenzangu walinifuata na malori yao. Nikisimama, nao wanasimama.

Lakini hivyo vyote vilikuwa mchezo. Chakula chenyewe kilikuwa Kihesa, pale Iringa.

Palikuwa na mama mmoja mjane, ana banda la nyasi ubavuni mwa nyumba yake, na mabenchi mawili. Siku hizi mnawaita mama ntilie. Siku zile hawakuwa na jina. Maharage aliyainjika jioni kwenye chungu cha udongo, yakalala na moto mdogo, asubuhi akayaunga kwa samli. Pembeni majani ya maboga na karanga za kutwanga, na ugali wa moto unaoshika vidole. Sahani senti thelathini. Mara ya kwanza nilikula nikanyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza.

"Baba wa gari," akaniambia, maana sifa yangu ya kukosoa vyungu ilishamfikia, "leo umekosa kasoro?"

"Natafuta, mama. Lete sahani nyingine nitafute vizuri."

"Tafuta. Ukiikosa na huko utalipa mbili."

Alikuwa na binti anayeosha sahani, mcheshi, mzuri wa sura, na alizoea kunitania kila nikija. Mimi nilikuwa bado sijaoa, na ndugu zangu wa Rungwe walishachoka kuniuliza. Nikapiga hesabu yangu kimya kimya: nikimwoa huyu napata mke, na juu yake nitakula kwa mama yake bure maisha yangu yote. Niliiona hesabu safi kabisa. Nikamuuliza binti, akakubali. Nikamtuma dereva mwenzangu awe mshenga, baba mdogo wa binti akapokea posa, mahari tukaelewana.

Safari iliyofuata nikaegesha lori mbele ya banda na kushuka kama mwenye nyumba. Yule mama alikuwa anapakua. Aliponiona tu akauacha upawa ndani ya chungu, akajifunika kanga kichwa kizima, akakimbilia nyuma ya nyumba. Mabenchi yote mawili yakacheka.

"Kuna nini?" nikauliza. "Mama, maharage yanaungua huku."

Fundi cherehani mmoja aliyekuwa anakula akanijibu mdomo umejaa. "Yaache yaungue, bwana harusi. Huyo sasa ni mkweo. Hakuoni, humwoni. Na chungu chake huli."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aibu itolewe."

Sasa mimi si mtoto, mila nazijua. Lakini kwetu Rungwe anayekimbiwa ni baba mkwe. Mke wa mwanao ndiye anayeikwepa njia yako, hakutazami, hakutaji jina. Mimi nilijiandaa kukimbiwa huko mbele, nikizeeka. Mama mkwe kwetu unamheshimu, basi, haachi upawa chunguni akapotea. Habari ya mama mkwe wa Iringa sikuuliza, maana sikuwa na mazoea ya kuuliza watu mambo.

Nikaenda kwa baba mdogo nimefura.

"Mmenipa mke mkaninyang'anya sahani," nikamwambia. "Kwa nini hamkusema?"

"Ulikuwa unaoa au unapanga hoteli?"

"Nilikuwa nakula pale kabla ya posa."

"Ndiyo, ulikuwa mteja. Sasa ni mtoto wetu."

Akanieleza kwamba njia ipo. Mkwe akitaka kuonana na mama hupeleka mbuzi, blanketi na kanga. Mama akipokea, wanakula pamoja, na aibu imekwisha. Nikacheka kwa hasira. Mbuzi mzima kwa ajili ya sahani ya senti thelathini? Mimi niliyejua bei ya kila chungu barabara nzima?

"Sitoi," nikasema. "Mbuzi nitamla mwenyewe."

Tukafunga ndoa, nikamleta mke wangu Mbeya. Nilimpenda na bado nampenda, lakini alikuwa fundi wa kuosha sahani, si wa kuzijaza. Maharage yake ukiyabonyeza yanaruka.

"Mama yako hakukufundisha?"

"Anifundishe saa ngapi, na wateja wamejaa? Tena wewe ndiye uliyekuwa ukiniita kila saa nilete maji."

Nikatafuta ujanja. Nikampa yule mshenga bakuli la bati lenye mfuniko, apite Kihesa aninunulie. Alichonisimulia ndicho hiki. Mama aliligeuza bakuli, akalitazama.

"La nani hili?"

"Langu, mama."

"Vizuri. Kaa hapo ule, nikuone."

Akala yote, mshenga yule, akanirudishia bakuli limeoshwa, na akathubutu kunisifia yale maharage mbele ya uso wangu. Wiki nzima sikuitikia salamu yake. Na kila nilipopita Iringa nilikanyaga mafuta nikifika usawa wa Kihesa, madirisha yamefungwa, nikijiambia kwamba chungu si mtu wa kunishinda.

Kisha mke wangu akakaribia kujifungua, na mama yake akaja Mbeya kumwangalia. Mimi nilikuwa safarini. Ninarudi mchana nakuta mlango wangu umefungwa kwa ndani. Mke akachungulia dirishani.

"Usiingie, baba. Mama yupo."

"Hii nyumba ya nani?"

"Yako. Lakini mama yupo."

"Mimi nikae wapi?"

"Si una lori?"

Nyuma yake nikasikia mtu anacheka chini chini. Kile kicheko nilikijua.

Nikakaa kwenye lori, mbele ya nyumba niliyoijenga tofali kwa tofali, majirani wanapita na kunisalimia huku wameuma midomo. Siku ya pili yake, saa sita, harufu ikaja. Samli inaunguruma chunguni. Kuni zangu, samli yangu, maharage niliyoyapakia mwenyewe, na mimi nje kama mdeni. Mke akatoka taratibu na tumbo lake, ameshika sahani. Nikaonja.

"Hii umepika wewe."

"Ya mama huli, unajua."

"Na nyie mle ndani mnakula nini?"

"Ya mama."

Nikapiga mlango wa lori mpaka kioo kikatikisika. "Mwambie mama yako ananitesa kwangu."

Akaingia, akatoka tena. "Anasema sokoni mbuzi wapo."

Nilikaza mpaka mtoto akazaliwa, wa kike, nikaonyeshwa dirishani kama ninanunua kitambaa. Hapo nikakubali kwamba ama nitoe, ama nizeekee kwenye lori. Nikaenda sokoni. Muuza mbuzi akaniuliza kama ni wa sikukuu. Nikamwambia ni wa maharage, ashike hela yake anyamaze.

Mama akapokea. Akafunua kanga usoni, akaketi, tukala sahani moja, mimi na yeye. Akanitazama. "Umekonda, baba wa gari," akasema. Nikamega tonge jingine.

Safari yangu ya kwanza Iringa baada ya hapo nikasimama Kihesa, nikakaa kwenye benchi langu la zamani. Akanipakulia ya kujaa, na yalikuwa yale yale, sikupata kasoro. Nikanawa, nikainuka niende.

"Baba wa gari," akaniita mbele ya watu wote, "senti thelathini."

"Mama, mimi si mkweo?"

"Ni mkwe wangu kabisa. Mbuzi alikuwa wa aibu. Sahani ni ya biashara."

Yule fundi cherehani akapaliwa na ugali kwa kucheka. Nikazitoa, nikazibwaga mezani, na mpaka nafika Chimala nilikuwa bado naongea peke yangu. Mbuzi shilingi kumi na nane, blanketi kumi na moja, kanga tisa, na sahani yenyewe: shilingi thelathini na nane na senti thelathini.